Je, wajua kwa nini chakula kinaungua chini tu lakini sufuria nzima inanuka?

Jumapili iliyopita niliunguza maharage. Maharage ya nazi, kilo nzima, yameshaiva vizuri, nimeshatia tui jepesi nikawa nasubiri yapungue kidogo nitie tui zito, simu ikaita, nikatoka nje maana ndani mtandao unasumbua, kurudi nakutana na ile harufu mlangoni. Nikakimbilia mwiko. Bahati nzuri shangazi alikuwa amekuja kututembelea, kakaa zake kwenye mkeka anachambua mchele, akanipigia kelele, "We! Usikoroge! Weka huo mwiko chini!" Nikaganda na mwiko hewani kama trafiki.

Akaepua sufuria, akaikalisha kwenye beseni la maji ya baridi, ikalia chwiiii, afu akachukua upawa akaanza kuchota juu juu taratibu anahamishia kwenye sufuria nyingine, alipokaribia chini akaacha. Yakabaki kama vikombe viwili yameshikana na lile gamba jeusi, hayo akasema wapewe kuku. Yale ya juu tukala na wali na hakuna mgeni aliyesema kitu.

Nilimuuliza kwa nini, akasema ndo alivyofundishwa, basi. Mi nikaenda kuchimba, maana haiingii akilini, chakula kimeungua unene wa kidole tu chini, kwa nini ukikoroga imekula kwako yote na ukituliza mkono unaokoa karibu sufuria nzima?

Mambo yote yanaanzia kwenye maji. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100 kama uko Dar, ukipanda Mbeya au Nairobi ni kama 94 hivi (ndo maana kule maharage yanakaa jikoni mpaka unakata tamaa), na yakishaanza kuchemka hata uchochee moto vipi hayapandi zaidi ya hapo, ule moto wa ziada wote unaondoka na mvuke. Kwahiyo mradi chini ya sufuria kuna maji yanayozunguka, chakula hakiwezi kuungua. Kinaungua pale maji yanapoisha sehemu ile inayogusa chuma, hapo joto linaruka kutoka 100 kwenda 140, 180, 200 na zaidi, na halikuulizi.

Lakini mbona maharage yangu yalikuwa na mchuzi tele? Hapo ndo penye utamu. Maharage yakiiva sana yanatoa wanga, wanga unatuama chini unakuwa kama uji mzito, na uji mzito hauzunguki, maji ya juu hayashuki tena kupoza chini. Juu unaona mchuzi unatokota vizuri kabisa, chini kumeshakuwa jangwa. Uji, mchuzi wa karanga, maziwa, tui, hizo ndo bingwa wa kushika chini, wakati supu nyepesi unaweza kuisahau mpaka ikauke kabisa ndo iungue. Na sufuria zetu nyingi ni za alumini nyembamba, pale kaa moja kubwa linapogusa panakuwa pa moto kuliko kwingine kote, ndo maana mara nyingi alama ya kuungua ni duara moja tu.

Kuna kitu kizuri hapo katikati kabla hakijaharibika, tusikionee. Kwenye kama nyuzi 140 protini na sukari za chakula zinaanza kushikana na kutengeneza rangi ya kahawia na ile harufu tamu, aliyeieleza ni Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Hiyo ndo rangi ya chapati, ganda la mkate, nyama choma, na ndo ukoko wa wali ambao tulikuwa tunaugombania tukiwa wadogo. Mwenye kupalia makaa juu ya mfuniko anaujua mchezo huu bila kusoma popote, anapunguza moto wa chini anaongeza wa juu, wali unakauka pande zote na ukoko unatoka rangi ya dhahabu. Waajemi wao wanaupika makusudi na wanawapakulia wageni. Shida ni kwamba kati ya ukoko wa dhahabu na mkaa ni dakika chache tu, zikipita vitu vinaanza kuvunjika vinatoa moshi na uchungu.

Sasa harufu. Ile ya kuungua inatokana na vitu vingi, wakubwa wao ni kemikali za jamii iitwayo fenoli, na pua ya binadamu inavisikia hata vikiwa kidogo mno. Vingi vya hivyo vinapenda mafuta kuliko maji, kwahiyo chakula chenye nazi au mafuta mengi vinakiganda haraka. Mwanzoni vyote vimekaa kwenye lile gamba chini na kwenye mvuke. Ukichukua mwiko ukakwangua, umeligawa gamba vipande elfu moja umevisambaza kila kona, hapo hata malaika hawezi kukusaidia. Ndo maana shangazi alifanya vile: maji ya baridi yasimamishe joto maana sufuria ikiepuliwa bado inaendelea kuunguza, mfuniko uachwe wazi mvuke utoke, na cha juu kihamishwe bila kugusa chini. Ukimaliza onja. Kikiwa na kaharufu kwa mbali, ndimu kidogo, nyanya au tui jipya vinakificha. Kikiwa kichungu kabisa acha tu usiwasumbue watu, uchungu haufichiki.

Ile ya kuweka slesi ya mkate juu ya wali ulioshika chini? Inasaidia kiasi, mkate ni kama sponji unashika sehemu ya ule mvuke wenye harufu, ila wali uwe umeshika kidogo. Ya kutia kiazi kwenye mchuzi uliozidi chumvi ndo uongo mtamu, kiazi kinanyonya mchuzi pamoja na chumvi yake, hakichagui chumvi kikaacha maji, ukikitoa umepunguza mchuzi lakini ladha ni ile ile. Ongeza maji au nazi, au tia viazi vingi ubaki navyo humo humo mle.

Baada ya hayo nikaandika kwenye grupu la familia, na binamu yangu aliye Marekani akadakia, yeye tatizo lake ni kinyume, chakula hakikuungua hata kidogo ila kilikauka kama gome. Kule Alhamisi ya nne ya Novemba ni Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, na karibu kila nyumba inaoka bata mzinga mzima (sio bata, asili yake ni Amerika, sisi tu ndo tumemwita hivyo), ndege wa kilo sita saba. Akaoka masaa matano ili awe na uhakika, akawa kila nusu saa anafungua oveni anammwagia mchuzi wake juu. Kidari kikawa unatafuna kama pamba.

Hapa watu wengi tunakosea, tunadhani nyama inakauka kwa kukosa maji nje. Siyo. Nyama mbichi karibu robo tatu yake ni maji, na yamekaa ndani ya nyuzinyuzi za protini. Kwenye joto la nyuzi 50 hivi protini hizo zinaanza kujikunja, joto likifika kati ya 66 na 73 aina nyingine ya protini inajikunja pia, na nyuzinyuzi zote zinajibana zinakamua maji kama unavyokamua shuka. Kwahiyo hata ukichemsha kidari ndani ya ndoo ya supu kitakauka, kimezungukwa na maji na bado kikavu. Jaribu kidari cha kuku wa kisasa chemsha saa nzima utaniambia.

Afu utauliza, mbona kuku wa kienyeji au kongoro tunachemsha masaa na zinalainika? Kwa sababu zina kolajeni nyingi, ile mishipa na ngozi ngumu, nayo ikikaa kwenye joto muda mrefu inayeyuka inakuwa gelatini, ule utelezi unaogandisha supu ikilala. Maji yamekamuliwa ndio, lakini gelatini inateleza mdomoni unaona nyama ina majimaji. Paja la bata mzinga lina kolajeni, kidari karibu hakina. Ndo mtihani wa ndege yule, sehemu mbili zinataka joto tofauti na zimeungana mwili mmoja.

Mamlaka za chakula za Marekani zinataka nyama ya ndege ifike nyuzi 74 ndani ndo iwe salama. Kidari kikifika hapo kitoke, kikienda 85 kimekwisha, paja lenyewe linafurahia 80. Kwahiyo kwanza nunua kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama, masaa hayakuambii kitu. Pili chumvi, siku moja au mbili kabla mpake chumvi kote hata chini ya ngozi mwache kwenye friji, chumvi inaingia inalegeza zile protini zisibane sana kwahiyo maji yanabaki mengi zaidi. Akiwa wa barafu anza mapema mno, anahitaji kama siku nzima ya friji kwa kila kilo mbili. Tatu, na hii ndo naipenda, kata uti wa mgongo umtandaze kama kuku wa kuchoma wa barabarani, mapaja yanakaa wazi yanapata joto sawasawa na anaiva haraka zaidi. Akitoka mwache kama nusu saa kabla hujamkata, la sivyo maji yote yanamwagikia kwenye kibao.

Kumwagia mchuzi kila saa acha, ngozi haipitishi maji kuingia ndani, unachofanya ni kufungua oveni joto litoke. Na wale wa "kaanga kwanza ufunge maji ndani", hiyo imetangazwa tangu enzi za Mjerumani Justus von Liebig karne ya 19 na siyo kweli, ile tssss unayoisikia kwenye kikaango ni maji yanatoka. Kaanga kwa ajili ya rangi na ladha.

Akishakauka? Maji yaliyokamuliwa hayarudi kwenye nyuzinyuzi, na ukimchemsha tena unamkamua zaidi. Unachoweza ni kudanganya ulimi. Mkatekate vipande vyembamba ukikatisha nyuzinyuzi, mwagia supu ya moto yenye siagi muda huo huo wa kula, au mchambue nyuzi nyuzi umtie kwenye sambusa au pilau ambako mafuta na viungo vinabeba. Binamu alifanya sambusa, anasema ziliisha kabla ya keki.

Sufuria yangu bado iko nje imelowekwa. Nilitaka kuichemsha na magadi, shangazi akakataa, na hapo pia yuko sahihi, magadi yanaitia alumini weusi. Nimeloweka kwa maji moto na sabuni usiku kucha, gamba limetoka nusu, leo nachemsha na maganda ya ndimu irudishe ung'avu. Lile duara la kaa naona litabaki.