Albamu ya mseto: nusu simu, nusu gundi

Albamu ya mseto ni kijitabu cha kumbukumbu ambacho kazi yake nyingine hufanywa kwenye simu au kompyuta, na nyingine hufanywa kwa mkono, kwa mkasi, gundi na karatasi. Picha hukatwa na kupangwa kwenye skrini, maelezo huandikwa hapo hapo, kisha ukurasa huchapishwa. Juu ya huo uliochapishwa ndipo hubandikwa tiketi, kipande cha kitambaa, bahasha ndogo au mwandiko wa mtu. Ikiwa ni ndogo ya kuenea kwenye kibeti, na inahusu safari moja au sikukuu moja tu, hiyo ndiyo albamu ndogo ya likizo.

Tuiweke wazi mapema, maana watu huchanganya. Aliyechapa picha za simuni akazibandika kwenye daftari ana albamu ya karatasi, ya kawaida kabisa. Aliyepanga kurasa zote kwenye Canva, programu ya kupangia kurasa, akapeleka faili saiba, yaani duka la kompyuta na uchapaji, na kurudi na kitabu kilichokwisha, huyo ana kitabu cha dijitali. Mseto huanza pale mtu anapokimwaga mezani kila alichorudi nacho likizoni, akakishika kimoja kimoja na kujiuliza: hiki kiingie chenyewe, au iingie picha yake? Swali hilo ndilo kazi yenyewe. Mengine yote ni ufundi wa kulijibu.

Kubandika mabaki ya safari kitabuni ni jambo la zamani. Mwandishi Mark Twain wa Marekani alikuwa na hataza yake (hati ya kumiliki ubunifu) ya mwaka 1873 ya kitabu ambacho kurasa zake zilitiwa gundi tayari, mtu analowesha tu na kubandika. Enzi hizo kila kitu cha safari kilikuwa karatasi: tiketi, barua, menyu, kijikaratasi cha forodha. Sasa itazame familia inayoteremka kutoka Nakuru mwezi wa Desemba kuja kwa shangazi yao Kisauni, Mombasa. Nauli ya treni imelipwa kwa M-Pesa. Njia ya kutoka stesheni ya Miritini imeonyeshwa na ramani ya simu. Nani atalala kwa nani, na nani aje na magodoro, yote yamejadiliwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Wakivuka Likoni kwa miguu, feri haitozi, kwa hiyo hakuna hata kijikaratasi cha kutia mfukoni. Nusu ya mabaki ya likizo yao imo ndani ya simu na haijawahi kuwa karatasi. Nusu nyingine imo mkobani: leso ya zawadi, pakiti ya mabuyu, risiti zilizokunjika, mchanga. Albamu ya karatasi tupu itaipoteza nusu ya kwanza, na ya simu tupu itaipoteza ya pili.

Kipi kiingie chenyewe

Anza na risiti, kwa sababu ndizo hudanganya zaidi. Risiti ya supamaketi haichapwi kwa wino. Karatasi yake imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, na maandishi hayo hufifia yakikaa kwenye joto na mwanga, au yakifunikwa na baadhi ya gundi na selotepu. Ukiibandika yenyewe, baada ya muda utabaki na utepe mweupe usiosema lolote. Ipige picha au itoe fotokopi siku hiyo hiyo, na ubandike nakala. Tiketi iliyochapwa kwa wino wa kawaida kwenye karatasi nzito inaweza kuingia yenyewe bila wasiwasi.

Ujumbe wa M-Pesa nao una haki ya kuingia, kwa nini usiingie? Ndio tiketi ya siku hizi. Upigie picha ya skrini, lakini kabla ya kuuchapa kata salio, nambari ya muamala, na majina na nambari za simu za watu. Kinachotakiwa ni tarehe, saa na kiasi. Albamu itapita mikononi mwa wageni, na salio lako si kumbukumbu ya likizo.

Leso ni mahali ambapo mseto hunoga. Hakuna anayetaka kuikata leso mpya aliyoinunua Biashara Street. Basi itandaze kivulini, simu iwe juu yake moja kwa moja isiinamie upande, na uipige sehemu zake tatu: pindo, mji, yaani sehemu ya katikati, na jina, yaani yale maneno. Picha ya pindo ukiipunguza hadi upana wa kama sentimita moja na nusu inakuwa fremu ya ukurasa mzima. Mji ukiufifisha hadi rangi ibaki kwa mbali unakuwa karatasi ya nyuma, ya kuandikiwa juu. Jina liache lilivyo. Leso imeshakuandikia kichwa cha ukurasa. Kisha, fundi akishaipinda leso yenyewe, omba nyuzi na vipande vilivyobaki, ubandike kimoja hapo hapo juu ya picha. Anayefungua huona leso, halafu kidole kinaigusa. Kwa mawazo yangu hakuna mbinu nyingine ya mseto inayolipa kama hii, na haina gharama.

Karatasi iliyofungiwa viazi karai usiibandike hata ikupendeze vipi. Mafuta hutambaa hadi kurasa za jirani na kuwaita sisimizi. Picha yake inatosha, na ikitoka na yale madoa inapendeza zaidi. Kome na makombe ya baharini pia yabaki baharini. Sehemu ya ufuo wa Nyali na Bamburi iko mbele ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, na kuchukua makombe humo kumekatazwa. Isitoshe, kombe hukifanya kijitabu kikatae kufunga.

Mwandiko wa mtu unaweza kuingia kwa njia mbili. Unaweza kumpa nyanya ukurasa wenyewe aandike, lakini wazee wengi hushikwa na woga wa kuharibu. Bora mpe karatasi nyeupe na kalamu nyeusi aandike anachotaka, hata kama ni "Mwarudi lini?" peke yake. Upige picha mchana kwenye mwanga wa dirisha, ongeza utofauti wa giza na mwanga hadi karatasi iwe nyeupe kabisa, kisha uondoe hiyo nyeupe kwa programu ya kufuta mandharinyuma. Hifadhi faili kwa muundo wa PNG, maana JPEG haiwezi kubeba sehemu ya uwazi. Itakurudishia kile kisanduku cheupe ulichokwisha kukiondoa. Sasa mwandiko wa nyanya unaweza kuelea juu ya picha ya bahari. Karatasi aliyoiandika itie kwenye bahasha ndogo ukurasa wa mwisho.

Karatasi moja, kurasa nane

Umbo rahisi kuliko yote halihitaji uzi wala stepla. Ni karatasi moja ya A4 iliyokunjwa sehemu nane, ikapasuliwa katikati, ikawa kijitabu cha kurasa nane, kila ukurasa ukiwa na upana wa milimita 74 na urefu wa milimita 105. Hapa ndipo upande wa simu na upande wa mkono hulazimika kuelewana, kwa sababu mpangilio wa kwenye skrini haufanani na kitabu kitakachotoka.

Laza A4 kwa upana. Igawe safu mbili, kila moja visanduku vinne. Safu ya chini, kutoka kushoto kwenda kulia, weka kurasa za 6, 7, 8 na 1. Safu ya juu, pia kutoka kushoto, weka 5, 4, 3 na 2, lakini hizo zote nne zigeuzwe juu chini. Ukurasa wa 1 ni jalada, wa 8 ni mgongo, yaani jalada la nyuma. Ukishachapa, kunja karatasi kwenye mistari yote, ifungue, kisha pasua mstari wa katikati unaolala, kuanzia mwisho wa kisanduku cha kwanza hadi mwanzo wa cha nne. Hivyo visanduku viwili vya kati ndivyo hutengana, juu na chini. Kunja karatasi kwa urefu wake, shika ncha mbili na uzisukume kuelekeana. Pale palipopasuliwa patafunguka, na kurasa zitajipanga zenyewe. Jaribu kwanza kwa karatasi tupu yenye nambari za penseli. Aliyeanza na karatasi ghali huishia na nyanya yake amesimama kwa kichwa.

Kurasa nane ni chache, na ndio uzuri wake. Toa jalada na mgongo, unabaki na sita, yaani kurasa mbili mbili mara tatu. Safari, mji, bahari. Au Idd asubuhi, mchana, jioni. Mwenye picha mia nne za Fort Jesus atalazimika kuchagua moja.

Ukifika saiba

Picha ikichapwa vizuri huhitaji kama pikseli 300 kwa kila inchi. Ukurasa wetu mdogo ukijazwa wote unataka takriban pikseli 874 kwa 1240 tu, jambo ambalo linafuta hofu moja kubwa: picha alizotuma binamu kwa WhatsApp, zikabanwa hadi pikseli 1600 upande mrefu, zinatosha kabisa kwa kijitabu hiki. Zingeshindwa kwenye bango la ukutani. Lakini ukurasa uliokwisha kuupanga usiutume saiba kama picha. Uhifadhi kwa PDF na uutume kama hati, ili herufi zisihame na usibanwe.

Kwenye kaunta kuna sentensi moja ya kusema kabla kitufe hakijabonyezwa: "Kaka, chapa kwa saizi yake halisi, usiiache ijibane yenyewe." Printa nyingi zimezoea kuupunguza ukurasa ili uingie ndani ya pambizo zake, na ukipunguzwa hata asilimia tatu, mikunjo yako haitaangukia kwenye mistari. Kwa kuwa printa hizo hizo hazichapi hadi ukingoni, acha milimita tano tupu pande zote unapopanga.

Rangi nazo hubadilika. Skrini hutoa mwanga. Karatasi hurudisha tu mwanga inaoupata. Bluu ya bahari ya saa nne asubuhi iliyowaka simuni hutoka imepoa, na nyuso za watu hutoka nyeusi kidogo kuliko walivyo. Ongeza mwangaza kidogo kabla ya kupeleka, na uchape ukurasa mmoja wa majaribio.

Uliza pia printa ni ya wino au ya leza. Wino wa maji huchuruzika ukiguswa na kidole chenye jasho, na hapa jasho halikosi. Leza haichuruziki, lakini unga wake hupasuka na kubanduka kwenye mkunjo, hivyo rangi nzito zisipite juu ya mistari ya kukunjia. Karatasi ya gramu 80 ni nyepesi mno kubeba vitu vya kubandikwa. Ya gramu 120 hivi hukunjika bila kuvunjika. Manila nzito iache kwa ajili ya jalada la nje, ukitaka kuliongeza.

Kwa gundi, ile nyeupe ya maji hukunyanza karatasi. Gundi ya kijiti au selotepu ya pande mbili ndizo zinazofaa. Na kwa vile hewa ya Mombasa ina unyevu, picha zinazong'aa hugandana uso kwa uso kitabu kikifungwa. Chapa kwenye karatasi isiyong'aa, au weka karatasi ya shashi kati ya kurasa. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, kimoja kikae kwenye kisanduku unachohifadhia albamu. Kabatini ni salama kuliko rafu ya ukuta unaopigwa na mvua.

Sauti ndani ya karatasi

Kuna kitu kimoja ambacho karatasi haijawahi kukiweza, nacho ni sauti. Msimbo wa QR, ule mraba wa vidoti uliobuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, hukuwezesha kubandika honi ya feri au kicheko cha mjomba. Unarekodi, unapandisha faili kwenye hifadhi ya mtandaoni, unatengeneza msimbo wa kiungo chake, unauchapa ukiwa na upana wa angalau sentimita mbili na nafasi nyeupe kuuzunguka. Msimbo wenyewe haubebi sauti, unabeba anwani tu. Faili likifutwa au akaunti ikifungwa, unabaki na pambo. Kwa hiyo andika kwa kalamu chini yake ni sauti ya nani, wapi, na amesema nini, na nakala ya faili ikae kwenye simu zaidi ya moja.

Upande wa dijitali unaleta faida nyingine ambayo wenye albamu za karatasi hawana: faili likiwepo, kijitabu kinaweza kuchapwa tena kwa bei ya karatasi moja ya rangi. Shangazi wa Kisauni apate chake, wa Nakuru chao. Vya kubandikwa havitafanana, kwa sababu tiketi ni moja na uzi wa leso ni mfupi, basi acha mahali patupu kwenye kila ukurasa, na kila nyumba ipajaze kwa ilicho nacho.