Je, wajua kwa nini laptopu husahau nenosiri la intaneti ya kupiga simu?

Umeweka tiki kwenye kisanduku cha kuhifadhi nenosiri. Jina umeandika, nenosiri umeandika, modemu (kile kifaa kinachopitisha intaneti kwenye laini ya simu) imepiga kelele zake na intaneti imeshika. Kesho yake unawasha laptopu, unafungua dirisha lile lile, na sehemu ya nenosiri iko tupu. Au mbaya zaidi: vidoti vyeusi vimejipanga pale vizuri, unabonyeza kupiga, halafu unajibiwa kwamba nenosiri si sahihi. Wengi wakifika hapo hufuta muunganisho wote na kuutengeneza upya, na haupiti muda tatizo limerudi.

Hurudi kwa sababu muunganisho wenyewe haulijui nenosiri lako. Unajua namba ya kupiga, modemu ya kutumia na mipangilio mingine midogo midogo. Nenosiri hutunzwa mahali pengine kabisa, na mahali hapo hufunguka kwa jina la mtu aliyeingia kwenye kompyuta. Laptopu isipojua wewe ni nani, haina pa kulitoa.

Jambo hili linaonekana waziwazi zaidi kwenye mashine za zamani. Katika Windows 95 na 98, kila mtumiaji ana faili lake ndani ya folda ya Windows, lenye herufi PWL mwishoni. Aliyeingia kwa jina la Juma atakuwa na JUMA.PWL, na faili hilo limefungwa kwa nenosiri lake la kuingilia Windows. Sasa lile dirisha dogo linalotokea mashine inapowaka, likiomba jina na nenosiri, wengi walizoea kulipita kwa kubonyeza Esc. Windows 98 haikuwa na ubishi: ilimwacha mtu apite, programu zote zikafunguka kama kawaida. Ila faili la PWL lilibaki limefungwa, kwa kuwa hakuna aliyejitambulisha. Ukienda kupiga intaneti unakuta kisanduku cha kuhifadhi nenosiri kimefifia, cha kijivu, na ukikibonyeza hakishiki tiki. Modemu haina kosa wala mtoa huduma hana kosa. Ni ile Esc ya asubuhi.

Dawa yake ni kutoka na kuingia upya kwa kuandika jina. Sehemu ya nenosiri unaweza kuiacha wazi ukipenda, mradi ubonyeze kukubali badala ya kughairi. Kisanduku kikiendelea kuwa cha kijivu, kwenye mipangilio ya mtandao angalia kama ile programu ya kuingilia mitandao ya Microsoft imewekwa, maana ikikosekana Windows 95 hukataa kuhifadhi. Na kama kisanduku kinakubali tiki lakini kesho yake nenosiri halipo, mshuku mkubwa ni faili la PWL lililoharibika. Libadilishe jina, mathalani liwe JUMA.OLD, kisha washa mashine upya. Windows italitengeneza jingine. Nasema libadilishe jina, usilifute, kwa sababu ndani yake kuna manenosiri mengine yote uliyohifadhi, na huenda ukalihitaji tena. Usilitegemee kama sanduku la chuma, lakini: ufungaji wa kwanza wa mafaili haya ulikuwa dhaifu kiasi kwamba ulivunjwa mwaka ule ule wa 1995, na Microsoft ikalazimika kutoa marekebisho yenye ufunguo mrefu zaidi.

Windows 2000 na XP ziliachana na PWL. Huko maelezo ya muunganisho hukaa kwenye faili liitwalo rasphone.pbk, ambalo unaweza kulifungua kwa Notepad ukalisoma mwenyewe: namba ya simu utaiona, jina la modemu utaliona, nenosiri hutaliona. Nenosiri lenyewe limefichwa ndani ya rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, kwenye sehemu ambayo hata msimamizi wa kompyuta haifungui kwa njia ya kawaida, na limefungamanishwa na akaunti ya mtumiaji. Ndiyo maana ukilinakili faili lile kwenda laptopu nyingine, muunganisho unakwenda na nenosiri linabaki nyuma. Ndiyo maana pia ukifungua akaunti mpya kwenye laptopu ile ile unaulizwa upya kila kitu, isipokuwa kama wakati wa kuhifadhi ulichagua "yeyote anayetumia kompyuta hii" badala ya "mimi tu".

Na vile vidoti visikudanganye. Katika XP, sehemu ya nenosiri haina nenosiri ndani yake. Programu inayoliomba hupewa alama tu inayoielekeza Windows kwenye lile lililofichwa, na dirisha lenyewe huandika kwamba ukitaka kulibadili ubonyeze hapo. Kwa hiyo kuhesabu vidoti ni kazi bure, na kuwepo kwake hakuthibitishi kwamba lililohifadhiwa ndilo sahihi. Mtoa huduma akikubadilishia nenosiri, laptopu itaendelea kutuma lile la zamani kwa uaminifu mkubwa mpaka ulifute, uandike jipya na kuweka tiki tena.

Lakini kabla ya kulaumu nenosiri, sikiliza modemu. Zile kelele zinazowaudhi watu ndizo zinazokueleza umefika wapi.

Kwanza husikika mlio mfululizo wa laini. Usipokuwepo, Windows hutoa kosa 680, na hapo nenosiri halijaguswa hata kidogo. Kisha zinakuja tarakimu, kila moja ikiwa ni milio miwili kwa pamoja. 5, kwa mfano, ni hezi 770 na hezi 1336. Laini ya upande wa pili ikiwa inatumika unapata 676, na isipopokelewa unapata 678. Ikipokelewa, modemu ya upande wa pili hutoa mlio mwembamba wa hezi 2100. Mlio huo una kazi maalumu: huviambia vifaa vya mtandao wa simu vinavyozuia mwangwi vijizime, kwa sababu mbinu zinazosaidia sauti ya mtu huvuruga data. Baada yake ndipo hutokea ule mkwaruzo mrefu, modemu mbili zikipimana na kuipima laini ili kujua itabeba kasi gani. Yote hayo yanabanwa kati ya takriban hezi 300 na 3400, nafasi iliyotengwa kwa ajili ya mazungumzo ya binadamu.

Halafu kimya. Watu hudhani simu imekatika, kumbe modemu huzima spika kwa makusudi ikishashikana na mwenzake. Ni katika kimya hicho tu, wakati skrini inaandika kwamba inahakiki jina na nenosiri, ndipo nenosiri lako linapoanza kuhusika. Hitilafu iliyotokea kabla ya kimya ni ya waya, ya namba au ya modemu. Ukifika kwenye kimya ukakataliwa kwa kosa 691, hapo ndipo pa kuchunguza jina na nenosiri.

Kuna njia mbili kuu za kulihakiki. Ya kwanza, PAP, iliyoandikwa rasmi mwaka 1992, hutuma nenosiri kama lilivyo. Ya pili, CHAP, hailitumi kabisa: seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma, hutuma namba ya kubahatisha, laptopu huichanganya na nenosiri kwa hesabu maalumu na kurudisha jibu, nayo seva hufanya hesabu ile ile upande wake na kulinganisha. Herufi moja ikikosewa, au kubwa ikaandikwa ndogo, jibu linabadilika lote, na seva haina namna ya kukwambia kwamba ulikaribia. Ukiwa umeweka tiki ya kuiamuru laptopu idai nenosiri lililofichwa, na seva inajua PAP peke yake, maelewano yanavunjika kabla nenosiri halijatumwa. Tiki hiyo moja imewahangaisha wengi wenye nenosiri sahihi kabisa.

Kwenye laptopu kuna mtego mwingine ambao kompyuta ya mezani haiujui. Laptopu nyingi ndogo za zamani hazina kibodi ya pembeni ya tarakimu, kwa hiyo tarakimu zimepachikwa juu ya herufi za mkono wa kulia. Num Lock ikiwa imewaka, U inakuwa 4, I inakuwa 5, O inakuwa 6, J, K na L zinakuwa 1, 2 na 3, na M inakuwa 0. Mwenye nenosiri "mlima" ataandika 0350a, ataona vidoti vitano kama anavyotarajia, na atakataliwa. Akiweka tiki ya kuhifadhi, kosa hilo ndilo litakalohifadhiwa. Njia nyepesi ya kupima ni kuliandika nenosiri kwanza kwenye sehemu ya jina la mtumiaji, ambako herufi zinaonekana, ukalisoma, kisha ukalifuta.

Nenosiri likiwa sahihi na 691 ikaendelea, tazama jina. Watoa huduma wengi hutaka jina zima lenye alama ya @ na kikoa (jina la mtandao linalofuata alama hiyo), si kipande cha mbele tu. Kwenye Windows kuna pia tiki ya kuongeza kikoa cha ofisini mbele ya jina. Laptopu iliyozoea mtandao wa kazini huweza kumpelekea mtoa huduma wa nyumbani jina asilolijua. Sababu nyingine, na hii haisemwi sana, ni simu iliyokatika ghafla. Seva huenda bado inakuhesabu kuwa umo ndani, na kama akaunti yako inaruhusu mtu mmoja kwa wakati, ukirudi haraka unakataliwa kama mgeni. Subiri dakika chache, piga tena, usibadilishe kitu.

Laptopu husafiri, na hilo nalo lina matatizo yake. Windows huwa na orodha ya mahali unapopigia: msimbo wa eneo, tarakimu ya kupata laini ya nje na kadhalika. Ukiondoka ofisini ambako ulipiga 9 kwanza, kisha ukapiga nyumbani bila kubadili mahali, hiyo 9 inaongezwa kwenye namba na unampigia mtu mwingine au humpati yeyote. Milio ya laini pia hutofautiana kati ya nchi na nchi, na laini yenye ujumbe wa sauti ambao haujasikilizwa huweza kutoa mlio wa kukatika katika; modemu isipoutambua husema hakuna mlio. Ondoa tiki ya kusubiri mlio kabla ya kupiga, au ongeza ATX3 kwenye amri za ziada za modemu. Ila laini za kidijitali za swichibodi za hotelini na ofisini usizichomekee modemu ya kawaida hata tundu likilingana, kwani umeme wake unaweza kuiunguza.

Huduma yenyewe ya intaneti ya kupiga simu inazidi kutoweka; kampuni ya AOL ya Marekani ilizima ya kwake tarehe 30 Septemba 2025. Dirisha lake bado linaishi. Ruta nyingi za nyumbani huingia kwa mtoa huduma kupitia PPPoE, njia ya kuingia isiyohitaji kupiga simu, kwa jina na nenosiri, zikitumia PAP au CHAP zile zile. Na modemu ya USB yenye kadi ya simu, ikitumiwa kupitia Windows yenyewe, hupiga namba *99# kana kwamba kuna mtu wa kupokea. Huko mara nyingi jina na nenosiri huachwa wazi, kwa sababu kadi yenyewe ndiyo kitambulisho. Ondoa tu tiki ya kuulizwa kila mara. Modemu hiyo ikikataa kuingia, kwa kawaida kilichokosewa ni jina la APN, yaani lango la intaneti la kampuni ya simu, nalo huwekwa kwenye amri za ziada za modemu kwa AT+CGDCONT, amri inayoanza na herufi mbili zile zile ambazo modemu za kampuni ya Hayes zilianza kuzisikiliza mwaka 1981.