Usiniambie nipige picha halafu nitresi

Jamani, hili swali limenichosha. Kila nikiposti michoro yangu ya rangi za maji ya ndani ya kanisa la zamani, kuna mtu atasema msanifu majengo mzima unajitesa, si upige picha na simu ukatresi nyumbani, yaani upitishe penseli juu ya mistari yake, picha ndio ukweli.

Ndani ya kanisa simu inadanganya sana. Chukua Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, Unguja, ambalo Askofu Edward Steere wa Anglikana alianza kulijenga 1873 palipokuwa soko la watumwa. Ukitumia lenzi pana upate dari na sakafu kwa pamoja, nguzo za pembeni zinalala na altare inasogea mbali kama iko mtaa wa pili. Ukiipimia kamera mwanga wa dirisha kanisa lote linakuwa giza, ukiipimia kivuli dirisha linaungua, linabaki jeupe tupu, vioo vya rangi huvioni tena. Jicho haliko hivyo, linazoea dirisha, linarudi kivulini linazoea tena, na mchoro unazikusanya zamu zote hizo kwenye karatasi moja.

Halafu mwanga wenyewe haupakwi, unaachwa. Nyeupe unayoiona dirishani ni karatasi tupu, niliamua ibaki hivyo kabla sijalowesha brashi, ukishaifunika imeenda. Na kivuli sio cheusi!! Hapa ndipo picha inaponiudhi zaidi, maana anayetresi anachukua lile giza la simu anamimina nyeusi ya kwenye tyubu, ukuta unakufa. Kuta za matumbawe na chokaa zinarudishiana mwanga, chini karibu na sakafu kivuli kina joto, ukipanda kwenye lile tao refu la dari kinapoa kinaenda ubluu. Mimi nachanganya ultramarini, bluu iliyokolea, na sienna ya kuchoma, kahawia yenye wekundu, chembe za ile bluu zinatuama kwenye vishimo vya karatasi na ukuta unapata ule ukwaruzo wa jiwe bila kuuchora. Unyevu wa pwani nao unasaidia, rangi inachelewa kukauka, una muda wa kuivuta dari nzima.

Tena upande wa magharibi kuna nguzo zimesimikwa kichwa chini, wenyeji wanasema mafundi walizisimika Steere akiwa hayupo. Anayetresi anapitisha penseli tu. Anayepima kwa jicho lazima asimame ajiulize kwa nini kichwa cha nguzo kiko sakafuni.

Picha napiga pia, za nakshi ndogondogo, basi.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Pieter Saenredam, mchoraji Mholanzi, mwaka 1636 alichora kanisa la Mariakerk mjini Utrecht, Uholanzi, kwa vipimo, kanisa likaja kuvunjwa karne ya 19, na leo michoro yake ni ushahidi mkubwa wa lilivyokuwa. Lakini huyohuyo kwenye michoro yake ya rangi za mafuta alikuwa anabadilisha uwiano wa majengo mara nyingine. Na mimi naondoa feni, spika, waya za taa. Sasa fundi wa ukarabati akija kuuamini ukuta niliouchora, rangi niliyoiona saa nne asubuhi tu, nitakuwa nimemsaidia au nimempoteza? Sijui kwa kweli. Kwa hiyo pembeni ya karatasi naandika saa, niliposimama na nilichoondoa, na mteja akitaka niukate huo ukingo ili iingie kwenye fremu, simuuzii.