Feng Shui Ilianzia Makaburini: Elimu kwa Umma Kuhusu Chimbuko na Misingi Yake

Ukipita kwenye maduka ya mapambo au kurasa za wauzaji mitandaoni, hukosi kumwona chura wa miguu mitatu mwenye sarafu mdomoni. Mweke sebuleni, utaambiwa, mali itakuja. Kando yake kuna kengele za upepo, vioo vya pembe nane na mianzi ya bahati, na vyote vinauzwa kwa jina moja: feng shui (tamka "feng shwei"). Idara yetu huulizwa mara kwa mara kama hiyo ni dini, sayansi au uchawi.

Kwanza tumwondoe chura njiani. Yeye ni wa hadithi za watu wa China, na hana nafasi katika maandiko ya msingi ya elimu hii. Maandiko yenyewe yalianza na makaburi.

Maelezo ya kale ya jina hilo yamo katika Zangshu, yaani Kitabu cha Maziko. Wachina hukinasibisha na Guo Pu, mwanachuoni aliyeishi kati ya mwaka 276 na 324, ingawa watafiti wengi wanaona kiliandikwa karne kadhaa baada yake. Hoja yake ni fupi. Ardhini hupita qi (tamka "chi"), pumzi inayohuisha kila kitu. Qi ikichukuliwa na upepo hutawanyika. Ikifika kwenye maji hutua. Kwa hiyo anayetafuta mahali pa kuzika atazame maji kwanza, kisha kinga ya upepo. Upepo ni feng, maji ni shui.

Kwa nini kaburi? Kwa imani hiyo, mzazi na mtoto wana qi moja. Mifupa ya mzazi ikilala pema, wema wake huwafikia wanawe na wajukuu walio hai. Kitabu kinatoa mfano wa mlima wa shaba unaoporomoka magharibi na kengele ya shaba inayoitikia mashariki. Ndiyo maana hata leo wataalamu hutenganisha "nyumba ya yin", ambayo ni kaburi, na "nyumba ya yang", makazi ya walio hai. Katika maeneo ya kusini kama Guangdong ilikuwa desturi kuifukua mifupa baada ya miaka kadhaa, kuisafisha, kuiweka kwenye mtungi na kuizika upya mahali palipochaguliwa vizuri zaidi. Mtungi uliweza kukaa mlimani muda mrefu ukingoja mahali hapo papatikane.

Mahali pema pakoje?

Sura inayotafutwa ni ya kiti chenye mgongo na mikono miwili. Nyuma, upande wa kaskazini, kuwe na mlima mrefu: huyo ndiye Kobe Mweusi. Mashariki kuwe na safu ya vilima, Joka la Samawati. Magharibi safu nyingine iliyo chini kidogo, Chui Milia Mweupe. Mbele, kusini, pawe wazi na kilima kidogo kwa mbali, Ndege Mwekundu, na maji yapite hapo kwa kujipinda. Maji yanayokimbia moja kwa moja hayatakiwi, wala barabara inayoelekea mlangoni kama mkuki.

Wanyama hao ni wa kale kuliko kitabu chochote. Mwaka 1987, huko Puyang katika jimbo la Henan, wanaakiolojia walifukua kaburi la mwanamume lenye umri wa takriban miaka 6,000. Ubavuni pake, upande wa mashariki, kulikuwa na umbo la joka lililopangwa kwa makombe ya majini. Upande wa magharibi, umbo la chui milia. Hilo halithibitishi kwamba feng shui kama tunavyoijua ilikuwapo wakati huo. Linaonyesha tu kwamba pande za dunia na wanyama wake zilikwisha kufungamana na maziko zamani hizo.

Ukisoma maelezo hayo huku umeweka ramani ya China mbele yako, mengi yanaeleweka bila hata kutaja qi. Kaskazini mwa China majira ya baridi huleta upepo mkavu na mkali kutoka Siberia. Jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima. Nyumba iliyoegemea mlima kaskazini na kufungua mlango kusini inakingwa na baridi na inapata jua. Mto ulio mbele, bondeni, unamwagilia shamba, na mwinuko mdogo unaepusha mafuriko. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye kiini cha jambo lote: wakulima waliujua uzoefu huo kabla wasomi hawajauvika falsafa ya yin na yang, zile nguvu mbili zinazokamilishana, kivuli na mwanga, utulivu na mwendo.

Ambapo ardhi haikuwa na umbo hilo, wenye uwezo walilitengeneza. Kasri la kifalme la Beijing lilijengwa kati ya mwaka 1406 na 1420 kwenye uwanda tambarare. Udongo uliochimbwa kwenye handaki la maji lililolizunguka ulirundikwa nyuma yake, kaskazini, ukawa kilima cha Jingshan. Mbele ukachimbwa mfereji wa Maji ya Dhahabu, uliopindwa kama upinde. Yongle, kaizari aliyelijenga kasri hilo, alijichagulia bonde la kaburi kaskazini mwa Beijing, lenye milima pande tatu na uwazi kusini. Kati ya makaizari 16 wa nasaba ya Ming, 13 wamezikwa hapo. Penye lango la bonde kuna vilima viwili, kimoja cha Joka na kimoja cha Chui.

Dira na mambo matano

Wataalamu wa umbo la ardhi, ambao chimbuko lao linahusishwa na jimbo la Jiangxi na Yang Yunsong wa karne ya 9, walitegemea macho na miguu. Kundi la pili, lililokua Fujian wakati wa nasaba ya Song, lilitegemea dira iitwayo luopan. Ni kibao cha mraba kilichobeba sahani ya duara. Mraba ni ardhi, duara ni mbingu. Katikati kuna kisima kidogo chenye sindano ya sumaku. Kukizunguka kuna duara nje ya duara, zote zimejaa maandishi, na mojawapo limegawanywa sehemu 24 za digrii 15 kila moja. Juu zimekatizana nyuzi mbili nyekundu. Mtaalamu husimama mlangoni, hukilaza kibao sambamba na ukuta, huzungusha sahani mpaka sindano ilale juu ya mstari uliochorwa chini yake, kisha husoma mahali uzi ulipokatiza kila duara.

Hapa sayansi inadaiwa na wapiga dira hao. Mnamo mwaka 1088 Shen Kuo, mwanachuoni wa nasaba ya Song, aliandika kwamba mafundi wa mambo hayo husugua sindano kwa jiwe la sumaku ikaelekea kusini, ila hupotoka kidogo upande wa mashariki. Wazungu waliutambua upotofu huo karne kadhaa baadaye.

Anachokisoma mtaalamu kwenye dira hutafsiriwa kwa kanuni ya mambo matano: mti, moto, udongo, metali na maji. Mti huzaa moto, moto huacha udongo, udongo hutoa metali, metali huleta maji, maji hukuza mti. Upande mwingine kuna ushinde: maji huzima moto, moto huyeyusha metali, na kadhalika. Kila upande una chake. Kusini ni moto, kaskazini ni maji. Zama za nasaba ya Han, miaka elfu mbili hivi iliyopita, hata majina ya koo yaligawiwa kwa mtindo huo kulingana na sauti zake. Ukoo wa sauti ya metali uliambiwa usielekeze mlango kusini, kwa kuwa moto ungeuyeyusha. Ukoo wa sauti ya moto usiuelekeze kaskazini.

Wang Chong, mwanafalsafa aliyezaliwa mwaka 27, hakuyakubali hayo. Alihoji kwa nini mlango ndio uwe na madhara, ilhali watu hushinda na kulala vyumbani. Kisha akaelekeza macho kwenye nyumba za maofisa wa serikali, ambazo milango yake ilitazama huku na huku: waliopandishwa vyeo hawakuwa lazima wale wenye mlango uliolingana na ukoo wao, wala walioshushwa hawakuwa wale waliokosea. Ni hoja ya karne ya 1, na bado sijaona jibu lake la kuridhisha.

Kisa kitamu zaidi ni cha Sima Guang, mwanahistoria na waziri wa karne ya 11. Familia yake ilipotaka kuzika, ndugu walishikilia lazima aitwe mtaalamu. Kaka yake akamtafuta mmoja wa kijijini na kumpa sarafu 20,000 kwa sharti moja: aseme atakachoelekezwa, la sivyo atatafutwa mwingine. Yule bwana akakubali. Kaka mtu akapanga mwenyewe siku, saa, kina cha kaburi na njia ya kupitia, vyote kwa urahisi wa familia, na mtaalamu akawatangazia ndugu kwamba ni bahati tupu. Wote wakafurahi. Miaka mingi baadaye Sima Guang alihesabu: kaka yake ana miaka 79 na amestaafu na cheo, yeye ana 66 na yumo barazani kwa kaizari, na watu 23 wa ukoo wao ni watumishi wa serikali. Waliofuata vitabu vya maziko kwa uangalifu, akauliza, wamewazidi nini?

Feng shui ya leo

Baada ya mwaka 1949 serikali ya China bara iliihesabu feng shui kuwa ushirikina, na wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976, waliokuwa wakiifanya waliandamwa. Ilibaki na nguvu Hong Kong na Taiwan. Hong Kong mtaalamu alishauriwa wakati benki ya HSBC ikijenga makao makuu yaliyokamilika miaka ya 1980, na serikali huko imekuwa ikiwalipia wanavijiji gharama za tambiko pale ujenzi wa umma unaposemekana kuvuruga feng shui yao. Mimi huona busara ya kiutawala katika malipo hayo, hata kwa asiyeamini chochote.

Ile "kona ya utajiri" inayohubiriwa sana mitandaoni, kona ya mbali upande wa kushoto ukiingia mlangoni, ilienezwa hasa na Lin Yun, Mchina aliyefundisha California kuanzia miaka ya 1980. Aliiweka dira kando, akalaza juu ya ramani ya nyumba mchoro wa alama nane uitwao bagua, akianzia mlangoni. Ni rahisi kufundisha na rahisi kuuzia vitu. Wataalamu wa luopan wengi hawaitambui.

Kama ipo qi ya ardhini, hakuna chombo kilichoweza kuipima. Na hata yule anayeziheshimu kanuni za kale ana jambo la kuangalia kabla ya kuzihamishia huku kwetu, kwa sababu zilitungwa kaskazini mwa ikweta. Dar es Salaam, kuanzia Machi hadi mapema Oktoba, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini. Upepo wa kaskazi hauleti theluji, na kusi huvuma kutoka upande ule ule ambao Zangshu kingependa uachwe wazi. Wataalamu wa Australia wamekutana na tatizo hilo hilo na wamegawanyika: wapo wanaogeuza kaskazini na kusini, wapo wanaoiacha dira kama ilivyo. Anayejenga pwani yetu atapata msaada wa haraka kwa kumwuliza msanifu wa majengo dirisha la chumba cha kulala litapataje upepo wa kusi, na ukuta upi utapigwa na jua la alasiri.