Oksidi ya nitriki: gesi inayolegeza njia ya mkojo

Mtu aliyekulia kando ya mfereji huku Kibosho, juu ya Moshi, anajua kwamba maji hayafiki shambani mpaka mtu aende akaondoe magome na matope pale mdomoni. Mkojo nao ni hivyo hivyo. Kibofu kinapojikaza, shingo yake na mrija ulio chini yake vinatakiwa vilegee wakati uleule. Vikigoma, utasukuma mpaka jasho likutoke.

Kinachovilegeza ni gesi, oksidi ya nitriki. (Si ile ya usingizi ya madaktari wa meno; hiyo ni oksidi ya nitrasi.) Hudumu sekunde chache tu, hivyo mwili hauwezi kuiwekea akiba. Huitengeneza papo hapo kwenye ncha za neva: kimeng'enya (protini inayochochea kazi za kikemia mwilini) kiitwacho sinthasi huchukua oksijeni na arjinini, kijenzi cha protini ambacho tunakipata hata kwenye karanga na maharage, na kutoa gesi hiyo. Ikipenya kwenye seli za misuli laini, ile isiyongoja amri yako, huamsha kimeng'enya cha pili, guanilati siklasi, nacho huzalisha kemikali iitwayo cGMP. Hiyo ndiyo inayoshusha kalsiamu ndani ya seli, na msuli uliopungukiwa kalsiamu hulegea.

Ila msuli haubaki umelegea. Kimeng'enya cha tatu, fosfodiesterasi ya 5, kazi yake ni kuivunjavunja cGMP, na msuli unarudi kujikaza.

Sasa, mzee mwenye tezi dume iliyovimba na kuubana mrija wa mkojo akiandikiwa tadalafili anaweza kudhani anataniwa, kwa kuwa anaijua kama dawa ya nguvu za kiume. Hataniwi. Marekani iliikubali kwa dalili za tezi dume mwaka 2011. Haitengenezi gesi wala haipunguzi ukubwa wa tezi. Inakizuia kile kimeng'enya cha tatu tu, ili cGMP kidogo iliyopo idumu.

Hatari iko kwa mwenye dawa za moyo za jamii ya nitrati, kama nitrogliserini. Hizo huongeza gesi ileile. Moja inazidisha cGMP, nyingine inazuia isivunjwe, mishipa ya damu inalegea mwili mzima na presha inaporomoka ghafla. Ndiyo maana daktari, kabla ya kukuandikia tadalafili, anakuuliza habari za moyo wakati wewe umekuja na shida ya mkojo.