Uwakilishi wa makabila madogo: maana yake, na hesabu ya Myanmar

Uwakilishi wa makabila madogo ni hali ya jamii zenye watu wachache kuwa na wajumbe wao pale sheria zinapotungwa, fedha zinapogawanywa na viongozi wanapoteuliwa. Kiti ni mwanzo tu. La kuuliza ni kama mwenye kiti anaweza kupitisha jambo, au kulizuia.

Sisi wa Dar es Salaam hatujazoea viti vya kabila, na sheria yetu inakataza chama cha kabila au dini moja. Tunachokijua ni kinga ya Zanzibar: mambo fulani ya Muungano hayabadilishwi bila theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Upande mdogo umeshika turufu.

Myanmar, nchi ambayo serikali yake hutaja makabila 135, turufu wameishika wanajeshi. Kwa katiba ya 2008, Bunge la Muungano lina viti 664, na 166 kati yake ni vya maofisa wanaoteuliwa na Mkuu wa Majeshi. Vifungu vizito vya katiba havibadiliki bila zaidi ya asilimia 75, yaani kura 499. Wabunge wa kuchaguliwa, wote kwa jumla, ni 498. Hata Wabamar, kabila lenye watu wengi zaidi, wakiwa kitu kimoja na Wakachin, Washan na Wakaren, inapungua kura moja.

Nafasi zipo, tena nyingine nzuri. Katika Baraza la Mataifa, moja ya mabaraza mawili ya Bunge hilo, kila jimbo huchagua wajumbe 12, kwa hiyo Kayah yenye watu wachache ni sawa na Yangon. Katika uchaguzi wa 2015, Mkaren aliyeishi Yangon alipewa karatasi ya nne ya kura, juu ya tatu za kawaida, ya kumchagua waziri wa kabila lake katika serikali ya jimbo.

Lakini mkuu wa serikali hiyo huteuliwa na Rais. Mwaka 2015 chama cha Warakhine kilipata viti vingi kuliko chama kingine chochote katika bunge la jimbo lao. Mwaka uliofuata wakaletewa mkuu wa serikali kutoka chama tawala.

Na kabla ya yote kuna daftari la wapiga kura. Warohingya, jamii ya Waislamu wa jimbo la Rakhine, hawamo katika yale makabila 135. Mwaka 2010 walipiga kura kwa vitambulisho vya muda, kadi nyeupe. Mwaka 2015 kadi hizo zilifutwa, na kura ikaenda nazo.