Kampeni ya urais Marekani: dhana potofu na yaliyobainishwa na utafiti

Kila baada ya miaka minne, kampeni ya urais nchini Marekani husimuliwa kama mechi ya mpira ambayo bao la dakika za majeruhi laweza kupindua matokeo yote. Watafiti wa sayansi ya siasa, ambao wameichunguza kampeni hiyo kuliko pengine nyingine yoyote duniani, wanasimulia hadithi iliyopoa zaidi, na kwa maoni yangu yenye mafunzo zaidi.

Dhana: Kampeni huwageuza wapiga kura misimamo

Hii ndiyo dhana kongwe, na ndiyo iliyotikiswa mapema. Mwaka 1940, Franklin Roosevelt alipokuwa akichuana na Wendell Willkie, Paul Lazarsfeld na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walipiga kambi katika Kaunti ya Erie, jimboni Ohio, wakawahoji watu walewale mara kwa mara tangu Mei hadi Novemba. Walitazamia kuona redio na magazeti yakiwageuza watu. Walichokikuta ni kwamba wengi walikuwa wamekwisha kuamua kabla kampeni haijapamba moto, na waliokuwa wakisitasita aghalabu waliangukia upande ambao dini yao, kipato chao na makazi yao yangeweza kuubashiri. Mwaka 2018, Joshua Kalla na David Broockman walijumlisha majaribio 49 ya nyanjani wakafikia hitimisho kali zaidi: katika uchaguzi mkuu, wastani wa nguvu ya matangazo na ya kubisha hodi katika kumshawishi mtu abadili chaguo lake unakaribia sifuri.

Je, basi kampeni ni kazi bure? La hasha. Julai 1988, kura ya maoni ya shirika la Gallup ilimweka Michael Dukakis mbele ya George H. W. Bush kwa pointi 17 za asilimia. Novemba, Bush alishinda majimbo 40 kati ya 50. Andrew Gelman na Gary King walieleza fumbo hilo mwaka 1993: kura za maoni huyumba, lakini matokeo hutabirika kwa sababu kampeni humpa mpiga kura taarifa zinazomrudisha kwenye mambo ya msingi, yaani chama anachoegemea, hali ya uchumi, na namna anavyomwona aliyeko madarakani. Tena kuna kazi ya kuwatoa watu majumbani, ambayo si kazi ya kuwashawishi. Katika jaribio la Alan Gerber na Donald Green mjini New Haven mwaka 1998, watu waliotembelewa mlangoni na kuhimizwa kupiga kura, bila kuombewa kura ya mgombea yeyote, walijitokeza zaidi kwa takribani pointi 8.

Dhana: Kennedy alimshinda Nixon kwa sababu ya televisheni

Tukio lenyewe linajulikana. Tarehe 26 Septemba 1960, katika mdahalo wa televisheni mjini Chicago, Richard Nixon alisimama akiwa amekonda baada ya kulazwa hospitalini kwa ajili ya goti, suti yake ya kijivu ikimezwa na ukuta wa nyuma, jasho likimtoka kidevuni juu ya poda aliyopakwa kuficha ndevu. Inasemekana waliotazama walimpa ushindi John F. Kennedy, na waliosikiliza redioni wakampa Nixon.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo yenye matatizo. Ushahidi wake mkuu ni uchunguzi wa kampuni moja ya utafiti wa soko, ambao wasikilizaji wake wa redio hawakufika hata 300. Wala hakuna aliyejua watu hao walimpenda nani kabla ya mdahalo. Huenda waliobaki na redio tupu walikuwa Waprotestanti wa vijijini ambao tangu hapo hawakumtaka mgombea Mkatoliki kama Kennedy. Kennedy alishinda kwa kura zisizozidi 120,000 kati ya zaidi ya milioni 68, na ushindi mwembamba kiasi hicho kila mtu anaweza kudai ni wake, kuanzia mtu wa kupaka poda hadi fundi mitambo. Barack Obama naye alifanya vibaya katika mdahalo mjini Denver Oktoba 2012, na mwezi uliofuata akashinda kwa kura 332 za wajumbe wa majimbo, ambao ndio humchagua rais.

Dhana: Mwenye fedha nyingi ndiye mshindi

Mwaka 2016 Hillary Clinton alitumia fedha nyingi kuliko Donald Trump, akashindwa. Mwaka 2020 bilionea Michael Bloomberg alimwaga takribani dola bilioni 1 katika mchujo wa Chama cha Democratic, akaondoka na ushindi wa American Samoa pekee, eneo dogo la visiwa lililo chini ya Marekani. Mara nyingi wafadhili humfuata anayeelekea kushinda, nasi tukadhani fedha ndizo zilizomtangulia.

Dhana: Kura za maoni za 2016 zilikuwa za uongo

Kitaifa, wastani wake ulimpa Clinton uongozi wa pointi 3 hivi, naye akapata takribani 2, sawa na kura karibu milioni 2.9. Lakini urais huamuliwa na kura 270 kati ya 538 za wajumbe, na Wisconsin, Michigan na Pennsylvania zilimwendea Trump kwa jumla ya kura zisizofika 80,000. Kosa kubwa lilikuwa kwenye kura za maoni za majimbo: wenye shahada, ambao walielekea zaidi kwa Clinton, hukubali kuhojiwa zaidi, na watafiti wengi hawakurekebisha sampuli kwa kigezo cha elimu.

Wala wingi wa wahojiwa si dawa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2, mengi kutoka kwa watu waliopatikana kupitia orodha za wenye simu na magari, ambao enzi hizo walikuwa wenye uwezo zaidi, likatangaza kwamba Alf Landon, mpinzani wa Roosevelt, angeshinda. Roosevelt alichukua majimbo yote isipokuwa Maine na Vermont.